Saa Mbili za Jicho la Kulia

"Jicho halikukatwa," daktari wa macho alisema. "Anayekwambia kisu kiligusa mshipa wa fahamu, mwambie mimi nimekataa."

Alikuwa mwanamke mfupi, amebakiza miaka miwili kustaafu, na alizungumza akiwa amesimama kwa sababu kiti pekee chumbani alikuwa amempa mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa Inspekta wa upelelezi, mama wa miaka hamsini na kidogo. Kituoni walimwita Bibi Saa, maana hakuna shahidi aliyekaa mbele yake asiulizwe saa: uliingia saa ngapi, ulitoka saa ngapi, ulijuaje.

Jalada lililokuwa mapajani mwake halikuwa nene. Wiki sita zilizopita fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alilazwa kusafishwa vijitundu vya hewa vilivyo kando ya pua. Vilikuwa vimemsumbua kwa usaha na maumivu ya kichwa miaka nenda rudi. Alipasuliwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, bila kuchanjwa usoni hata kidogo. Siku tatu baadaye akarudi nyumbani na jicho moja. Mumewe alilalamika polisi kwamba daktari amemkata mkewe jicho. Hospitali nayo ikajibu kwa barua kwamba muuguzi wa chumba cha kuzindukia hakumwangalia mgonjwa ipasavyo, na kwamba amesimamishwa kazi.

Daktari wa macho alibandika picha ya kichwa kwenye ubao wa taa, akaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Mshipa wa fahamu huu hapa. Mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa tazama hapa, kati ya pua na jicho. Kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama ganda la yai. Umetoboka."

"Na kutoboka peke yake kunapofusha?"

"Hapana. Lakini jirani na ukuta huo kuna kijimshipa cha damu. Kikikatika, kinaweza kujivuta kikaingia upande wa jicho na kumwaga damu huko nyuma." Alichukua kikombe cha bati mezani, akaingiza ngumi yake ndani. "Nyumba ya jicho ni mfupa pande zote isipokuwa mbele. Damu ikijaa haina pa kwenda. Inalisukuma jicho nje, na huku jicho lenyewe linakabwa. Mshipa wa fahamu unakosa chakula."

"Linavumilia kwa muda gani?"

"Ukiwahi ndani ya saa moja, mara nyingi linapona. Saa moja na nusu, unabahatisha."

"Kuwahi ni kufanya nini?"

"Unatoa shashi zilizosokomezwa puani. Unainua kichwa. Unatundika dawa ya kuvuta maji mwilini. Na jicho likiwa limekaza, husubiri picha wala mkutano. Unakata kona ya nje ya kope, hapa, pamoja na ukano unaoishikilia. Ni kato dogo, dakika tano, kwa ganzi. Jicho linasogea mbele na kupata pumzi."

"Wewe ulikata saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Niliitwa dakika chache kabla ya hapo, na nilipanda ngazi mbio kwa umri huu."

Inspekta alifungua fomu ya uangalizi. Ilikuwa safi, mistari imejazwa kila robo saa tangu mgonjwa alipotolewa chumba cha upasuaji saa nne na dakika tano. Kwenye mstari wa hali ya macho neno lilikuwa moja: kawaida, kawaida, kawaida. Kisha saa sita na dakika kumi: jicho la kulia limevimba, daktari ameitwa.

"Dakika ishirini tangu livimbe mpaka ukate," alisema.

"Ndiyo maana fomu hiyo inanikera. Nilipofunua kope, mboni ilikuwa imetanuka na haikuijali tochi. Nilipochungulia ndani, pazia la nyuma lilikuwa limepauka. Dakika ishirini hazifanyi vile. Lile jicho lilikuwa limekabwa muda mrefu."

"Kwa hiyo muuguzi alikuwa akiandika kawaida bila kutazama."

"Hilo ni lako, Inspekta. Mimi nimekupa nililoliona."

*

Fundi cherehani aliishi nyuma ya duka lake. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, suruali ya mteja mapajani, akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita mbele ya tundu, kisha nyuma yake. Wifi yake, dada wa mumewe, alimpokonya sindano taratibu, akaitunga, akamrudishia.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Nitakuuliza machache. Unakumbuka nini baada ya kuzinduka?"

"Kidogo sana. Nilihisi kama mtu yuko ndani ya kichwa, ananisukuma jicho kwa kidole gumba. Nikasema jamani washeni taa upande huu. Wifi akaniambia taa zinawaka."

Wifi ndiye aliyekuwa akimuuguza siku hiyo. Inspekta alimgeukia. "Uliona nini, dada?"

"Alipoletwa alikuwa sawa. Nikampigia kaka simu kumwambia mkeo katoka salama. Nilipokata tu, nikaona kope imegeuka rangi, kama imepakwa wino. Nikamwita muuguzi."

"Saa ngapi?"

"Sikuwa na saa, mama."

"Simu yako hiyo unayo?"

Alikuwa nayo. Inspekta alisogeza orodha ya simu nyuma wiki sita, taratibu, mpaka akaifikia siku yenyewe. Simu kwa kaka ilipigwa saa nne na dakika ishirini na nane, na ilichukua dakika mbili. Aliandika, akamwonyesha wifi alichoandika, akaendelea.

"Muuguzi alifanyaje?"

"Alifunua kope akamulika tochi. Akaweka kidole juu ya jicho, hivi, akabonyeza kidogo. Nikamwona amebadilika. Akakimbilia simu ya ukutani. Nilimsikia kwa masikio yangu: jicho limekuwa gumu kama jiwe, mwambieni daktari. Baadaye akapiga tena. Mara ya pili alikuwa karibu kulia."

"Una hakika alipiga mara mbili?"

"Mama, wanamsema yule binti vibaya. Pale ndani hakuna mwingine aliyehangaika."

Inspekta alitazama tena fomu. Mwandiko ulikuwa mmoja, wa kalamu moja, umetulia kama mtu aliyeandika akiwa ameshiba na hana haraka.

*

Kabla ya kumtafuta muuguzi, alipitia ofisi ya kumbukumbu za hospitali akaomba fomu za uangalizi za wagonjwa wengine kumi wa wiki ileile. Karani alilalamika, akaenda, akarudi na bahasha yenye vumbi. Inspekta alizipanga mezani, akazisoma moja moja kuanzia juu hadi maandishi madogo ya chini kabisa. Kisha akaomba jambo la pili: nakala ya waraka wa mwisho uliohusu fomu hizo. Alipoupata aliusoma mara mbili.

Muuguzi alikuwa kwa mama yake mzazi, anaanua nguo. Hakushangaa kuona polisi. Aliingiza kapu ndani, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Kila kitu kimo kwenye fomu, afande."

"Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulipiga simu chumba cha upasuaji saa nne na nusu?"

"Kama haimo kwenye fomu, haikutokea. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Sawa." Inspekta alitandika fomu mbili sakafuni, juu ya mkeka. "Hii ni ya mgonjwa wako. Hii ni ya mgonjwa mwingine, kitanda cha pili, siku hiyohiyo. Uliijaza wewe. Nionyeshe mstari wa hali ya macho."

Muuguzi aliinama. Kwenye fomu ya pili, baada ya mstari wa shinikizo la damu ulifuata mstari wa maumivu. Hapakuwa na macho.

"Nimetazama fomu kumi," Inspekta alisema. "Zote hazina. Mstari huo uliongezwa siku kumi na moja baada ya upasuaji. Waraka wa hospitali unasema umeongezwa kwa sababu ya mgonjwa wako. Sasa niambie, binti yangu, ulijazaje mstari ambao ulikuwa haujazaliwa?"

Uani mama mtu aliacha kukung'uta shuka.

"Niliandika upya," muuguzi alisema hatimaye. "Aliniita ofisini kwake. Akasema fomu yangu imechafuka, ina mikato, ina matone ya dawa, mawakili wakiiona watanimaliza. Tuiandike safi, itakulinda. Alisimama nyuma ya kiti akinisomea, mimi naandika. Fomu mpya ndizo zilizokuwepo mezani, wala hatukuangalia kama zinatofautiana na za zamani."

"Nani?"

"Mkono Mwepesi."

Ndilo jina ambalo wodi nzima ilimpa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Yeye ndiye aliyempasua fundi cherehani.

"Fomu ya kwanza iko wapi?"

"Aliichukua. Sikuiona tena."

"Ya kwanza ilisemaje?"

"Saa nne na dakika thelathini na tatu, jicho limevimba, gumu, mboni haisinyai. Nimepiga simu. Saa tano kasoro dakika tano, nimepiga simu tena. Alipokea daktari wa usingizi, akamwambia Mkono Mwepesi. Nilimsikia Mkono Mwepesi mwenyewe akijibu kwa mbali: mweke barafu, nakuja. Mara ya pili vilevile. Alikuja saa sita na robo."

"Na wewe ukakubali kuandika uongo."

"Alinifundisha kazi miaka saba, afande. Aliniambia pia, ukiandika kwamba ulijua saa nne na nusu, watakuuliza kwa nini hukukimbia wewe mwenyewe. Mlango wa chumba cha upasuaji ni hatua thelathini kutoka pale. Nami najiuliza kila siku. Kweli, kwa nini sikukimbia? Kwa nini sikushuka kwa daktari wa macho? Nilibaki na barafu yangu, nasubiri."

Inspekta alikunja fomu zote mbili, akamwambia kesho asubuhi aje kituoni kuandika maelezo, na kwamba kughushi ni kosa hata kama ulisomewa cha kuandika. Muuguzi aliitikia kwa kichwa.

*

Neno la muuguzi aliyesimamishwa kazi dhidi ya neno la daktari bingwa halingefika mbali, na Inspekta alilijua hilo. Mchana huo alirudi hospitalini na hati ya mahakama, akamtafuta fundi wa mitambo ya upasuaji. Fundi alimwambia kwamba kamera inayoingia puani hurekodi kila inachokiona, na mashine hutunza kwa siku tisini hata kama daktari hakuomba.

Walikaa watatu mbele ya kiwambo: fundi wa mitambo, Inspekta na daktari wa macho, aliyekuja na koti lake la kazi. Picha zilikuwa za waridi na nyekundu, zimelowa. Chombo chembamba kilikuwa kikimega vipande vidogo na kuviondoa.

"Anafanya vizuri," daktari wa macho alisema. Dakika kadhaa baadaye akasema tena, "Vizuri sana." Halafu akainua mkono. "Simamisha. Rudisha nyuma kidogo."

Kwenye ukuta wa kando palikuwa na kitu cha manjano, kidogo kama punje ya mchele.

"Ni nini hicho?"

"Mafuta. Hayapaswi kuonekana hapo. Yanakaa upande wa pili wa ukuta, kulizunguka jicho. Endelea."

Chombo kilikuwa kimeondolewa. Kamera ilibaki imetulia, inatazama ile punje. Punje ikatikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena, na tena.

"Inacheza yenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Haichezi yenyewe. Kuna mtu anabonyeza jicho kutoka nje, juu ya kope, taratibu. Ndivyo tunavyopima. Ukibonyeza na huku ndani kitu kikasogea, ukuta umetoboka."

"Mtu hubonyeza bila kuambiwa?"

"Hathubutu. Anayeshika kamera ndiye anayeagiza."

Inspekta alisoma saa iliyokuwa kwenye kona ya kiwambo. Saa tatu na dakika arobaini na saba. Kisha akatoa ripoti ya upasuaji jaladani, akaisoma kwa sauti mstari wa mwisho, uliokuwa na sahihi ya daktari: upasuaji umekamilika, hakuna tatizo lililojitokeza.

Daktari wa macho alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Angesema neno moja tu," alisema. "Angemwambia yule binti: tazama jicho hili kila baada ya dakika tano."

*

Mkono Mwepesi alimpokea Inspekta kwa adabu, akamvutia kiti. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye vidole vya mpiga kinanda.

"Uvimbe baada ya upasuaji wa pua ni jambo la kila siku," alisema. "Wauguzi huogopa kila doa jeusi."

"Kwa hiyo uliambiwa kuhusu uvimbe."

"Saa sita na dakika kumi. Imeandikwa."

"Na kabla ya hapo hukuwa na sababu ya kulihofia jicho lile?"

"Hata kidogo."

"Basi nisaidie, daktari. Saa tatu na dakika arobaini na saba ulimwambia nani abonyeze jicho la mgonjwa, na ulikuwa unatafuta nini?"

Daktari aliangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Tobo lilikuwa dogo," alisema. "Nimewahi kuona matobo kama hayo mara sita. Macho yote sita yalibaki mazima."

"Hao sita, uliwaambia wauguzi?"

"Wote."

"Na huyu?"

"Nilikusudia kuandika. Nikaitwa kwa mgonjwa wa pili. Walikuja madaktari wanne kutoka hospitali nyingine kujifunza kwangu. Walikuwa wamejipanga nyuma yangu. Simu ilipolia..."

"Simu ilipolia saa nne na dakika thelathini na tatu."

"Nilijiambia ni kuvimba tu. Nilijiambia nikimaliza nitakwenda."

"Msaidizi wako angeweza kubaki na mgonjwa wa pili?"

"Angeweza."

"Kutoka pale hadi kitandani kwake ni hatua ngapi?"

Inspekta alimwambia anachokabiliwa nacho, akamtaka kesho saa tatu aje kituoni kuandika maelezo.

Alikuja, lakini alikuja na wakili. Wakili alisema mteja wake hana la kuongeza, na kwamba yaliyosemwa ofisini jana yalisemwa bila ushauri. Inspekta aliandika hivyo hivyo. Chumba cha jirani muuguzi alikuwa ameshamaliza maelezo yake, kurasa nne, ameketi peke yake mbele ya meza akisubiri kuambiwa kama anafungwa au anarudi nyumbani.

Kwenye ushoroba, fundi cherehani na wifi yake walikuwa wamekaa kwenye benchi. Walikuwa wameitwa kusaini. Daktari alipotoka, fundi alisimama. Alilazimika kugeuza kichwa chote ili amwone.

"Daktari."

Akasimama. "Pole sana, mama. Kwa kweli pole."

"Pole nimepewa na wengi. Mimi nataka unieleze. Nilikuwa nimelala, sikuona kitu."

Wakili alimshika daktari mkono. "Tafadhali, usijibu. Hulazimiki."

Daktari aliutazama ule mkono uliomshika, akautoa polepole. "Niliona ukuta umetoboka," alisema. "Nilijua. Sikumwambia mtu. Nilipoitwa, sikuja. Nilipoitwa tena, sikuja. Halafu nikamfanya muuguzi aandike vingine."

Inspekta alikuwa mlangoni, daftari mkononi. Askari wawili nao walisikia. Wakili alifumba macho.

Fundi cherehani hakulia wala hakumtukana. Alimtazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini aliyemo mle ndani hajakusikia. Bado anadhani ni yeye aliyenipofua. Nenda kamwambie."

Daktari alimtazama Inspekta. Inspekta alisukuma mlango wa chumba cha jirani, akaushikilia wazi.

Daktari aliingia, akayarudia maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, akiwa amesimama kama mwanafunzi. Alipofika kwenye "sikuja" ya pili, muuguzi aliweka paji la uso juu ya meza na mabega yakaanza kumtikisika. Daktari alipomaliza, askari alimwongoza kutoka nje.

Fundi cherehani aliingia bila kukaribishwa. Alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa kuliani kwa muuguzi, upande ambao jicho lake zima lingeweza kumwona.